Saa ya Kurithishwa ni Ile Inayofunguka

Mwaka 2011 Uswisi iliuza nje saa za mkononi zipatazo milioni 29.8, na sekta yake ya saa ikaingiza faranga bilioni 19.3. Mwaka 2024 saa zilizotoka zilikuwa milioni 15.3, lakini mapato yalifika faranga bilioni 26. Idadi imekatika karibu nusu, fedha zimepanda. Wengi wanaofuatilia habari za saa wameipokea hesabu hii kwa vigelegele: watu, tunaambiwa, wamechoka na vitu vya kutumia na kutupa, sasa wananunua saa moja nzuri ya kumwachia mtoto. Matangazo nayo yanaimba wimbo huohuo. Fungua jarida lolote la mambo ya kifahari na hutakosa kumwona baba na mwanawe, mkono begani, saa ikimeta katikati yao.

Nadhani hesabu hiyo imesomwa vibaya. Inachosema ni kwamba saa za bei ya chini zimeliwa na simu na saa janja, na kwamba wanunuzi waliobaki wanalipa zaidi kwa kila saa. Kuhusu kudumu haisemi neno. Saa haiwi ya urithi siku inaponunuliwa, hata ingenunuliwa kwa bei ya nyumba. Inakuwa ya urithi siku ambayo fundi asiyemjua aliyeiunda, miaka arobaini au sitini baadaye, anaweza kuifungua, akaelewa kilichomo, akapata kipuri kilichokufa na kuifunga tena ikiwa inatembea. Kwa kipimo hicho, saa nyingi zinazouzwa leo kwa jina la urithi zimesimama pabaya kuliko saa za kawaida walizovaa makarani na wauguzi wa miaka ya 1960.

Tuanze na mashine yenyewe, maana huko tangazo halifiki. Saa ya kutia ufunguo ni springi inayotaka kufumuka yote kwa mara moja, na kizuizi kinachoiruhusu kufumuka kidogokidogo. Katika mashine nyingi za siku hizi kizuizi hicho hugonga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde. Kwa siku ni mara 691,200. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 250. Vyuma vinavyogusana humo ndani hutegemea matone ya mafuta madogo kiasi kwamba fundi huyaweka kwa ncha ya sindano akiwa na lenzi jichoni. Mafuta hayo hukauka. Yakishakauka, chuma husaga chuma, unga wake huchanganyika na mabaki ya mafuta, na lile tope huendelea kula mihimili huku mwenye saa akiona mishale inazunguka kama kawaida. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri saa ifanyiwe sevisi kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Pete ya dhahabu unaweza kuifungia sandukuni miaka hamsini ukaitoa ilivyokuwa. Saa haikubali hivyo.

Kwenye jumba la kutazamia nyota la Greenwich, London, kuna saa nne za John Harrison, yule seremala aliyewasaidia mabaharia kujua longitudo, yaani wako umbali gani mashariki au magharibi. Tatu za kwanza ni mitambo mikubwa, na zinatembea hadi leo kwa sababu Harrison alizisanifu zisihitaji mafuta. Ya nne, H4, aliyoikamilisha mwaka 1759, ina umbo la saa ya mfukoni iliyonenepa, na ndiyo iliyomfanya afanikiwe katika kazi hiyo ya longitudo. Hiyo imesimamishwa. Inahitaji mafuta, na kila siku ya kuiendesha ni siku ya kuila, kwa hiyo watunzaji wameamua ibaki kimya. Kama saa inayotunzwa kuliko karibu saa zote duniani haina njia ya kukwepa hesabu ya mafuta na msuguano, ile ya mkononi mwako haitaikwepa kwa kuwa kioo chake ni cha yakuti.

Kabla ya miaka ya 1970 watu hawakuhitaji kuhubiriwa sana kuhusu saa ya urithi. Saa ilikuwa kifaa cha kazi kilichotokea kuishi kuliko mwenyewe, kama cherehani au nyundo nzuri. Mambo yaligeuka tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ilipoanza kuuza Tokyo saa iitwayo Astron, inayoendeshwa na betri na fuwele ya kwatzi. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, sawa na ya gari dogo, lakini ilipotea si zaidi ya sekunde tano kwa mwezi. Bei ya kwatzi ikaporomoka haraka. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa kama 90,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilibaki na kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1983 wakajibu kwa Swatch, saa ya plastiki yenye vipande 51, kasha lake limeunganishwa kwa kuyeyushwa. Ikiharibika, haitengenezwi. Kwa haki yao, hawakuficha; ilikuwa saa ya kufurahia na kuiacha.

Saa ya kutia ufunguo, ikiwa imeshindwa kwa usahihi na kwa bei, ilibakiwa na silaha moja, hisia. Mwaka 1996 Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi, walianzisha kampeni inayomwambia mnunuzi kwamba saa hiyo hata si yake, anaitunza tu kwa ajili ya kizazi kijacho. Sina ugomvi na tangazo hilo. Kampuni hiyo husema inaweza kukarabati saa yoyote iliyowahi kuitoa tangu mwaka 1839, na ina karakana ya kuishikilia ahadi hiyo. Ugomvi wangu ni na msururu wa chapa uliofuata nyuma. Waliinakili sentensi, karakana hawakuinakili. Leo maneno ya vizazi na urithi yanabandikwa hata kwenye saa ambazo ndani yake hakuna skrubu anayoweza kuigusa fundi wa kawaida. Tena kuwa na springi badala ya betri si kinga. Mwaka 2013 Swatch walitoa Sistem51, saa inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, vipande 51, imeundwa na mashine tupu, imeshikwa na skrubu moja katikati, imefungwa isiingie hata vumbi. Kihandisi ni kazi ya kuvulia kofia. Lakini ni saa ya springi isiyofanyiwa sevisi, na mafuta yake yatakauka kama mengine.

Nitaleta jambo moja langu, kisha nirudi kwenye hoja. Baba aliniachia saa ya chuma isiyo na jina kubwa. Ilipogoma, niliipeleka kwenye dawati la kampuni iliyoirithi chapa hiyo. Kijana mwenye adabu sana akaniambia vipuri vyake havitolewi tena, akanipa karatasi ya punguzo la bei kwa saa mpya. Nikaipeleka kwa fundi wa kawaida. Aliupindua mfuniko wa nyuma chini ya taa na kunionyesha upande wake wa ndani: mikwaruzo midogo ya sindano, mahali panne, kwa hati nne tofauti, kila mmoja una herufi na tarehe. Mafundi wengi huacha alama hiyo wakimaliza kazi. Wa kwanza ulikuwa wa 1968, wa mwisho wa 1994. Baba hakuwahi kuitaja, na sidhani alijua ipo. Kilichokuwa kimekufa ni kijiti kinachoshika kile kifundo cha ubavuni cha kutilia ufunguo. Fundi alifukua kopo lililojaa saa zilizokufa, akatoa moja yenye jina nisilolijua kabisa, akachomoa kijiti chake, akakilaza kando ya cha baba, akakipiga tupa mara tatu nne kwenye ncha, na saa ikaamka.

Kilichoiokoa saa ya baba ni ukawaida wake. Kampuni iliyoandikwa usoni haikutengeneza mashine ya ndani. Iliinunua kutoka kiwanda kilichouzia chapa kadhaa, kama ilivyokuwa desturi ya biashara hiyo. Kwa hiyo kila saa iliyokufa yenye mashine ile ni ghala la vipuri kwa zilizo hai. Hili linapingana na namna tunavyouziwa saa. Tunaambiwa tutafute adimu. Kwa mrithi, adimu ni balaa. Waltham ya Marekani, iliyoanza mwaka 1850, ilikuwa miongoni mwa viwanda vya kwanza kutengeneza saa zenye vipande vinavyobadilishana, na ilitoa saa kwa wingi uliowatisha Waswisi. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 1957. Saa zake za mfukoni bado zinatembea, kwa sababu zilitengenezwa nyingi na zinafanana. Hali ni hiyohiyo kwa mashine ya ETA 2824-2, iliyotumika katika chapa zisizohesabika: ulinzi wa hataza yake ulipokwisha, kampuni ya Sellita ikatoa SW200, pacha wake ambaye vipuri vyake vingi vinaingiliana naye. Kiwanda kimoja kikifungwa kesho, kingine kipo. Na vyote vikifungwa, makopo ya mafundi yatakuwa yamejaa.

Sasa tazama mtindo wa leo. Chapa inayotaka kuheshimiwa hutangaza kwamba mashine yake imeundwa ndani ya kiwanda chake mwenyewe, haipatikani kwingine. Wapenzi wa saa huitikia kwa heshima, na bei hupanda. Nakubali kwamba baadhi ya mashine hizo ni nzuri kweli. Mwaka 2020 Oris walitoa mashine yao ya Calibre 400 ikiwa na dhamana ya miaka kumi na sevisi inayopendekezwa kila baada ya miaka kumi; hiyo ni hatua ya maana, na imewasukuma wengine waongeze dhamana. Lakini miaka kumi katika maisha ya familia ni nini? Mtoto aliyezaliwa siku saa inanunuliwa hata sekondari hajaingia. Mashine iliyotengenezwa miaka minane kisha ikabadilishwa na toleo jipya, kwa maelfu machache, na vipuri vyake viko kwenye ghala moja tu duniani, ina tundu moja la kupumulia. Mwenye kampuni akiuza, au mkurugenzi mpya akiamua kuhifadhi vipuri vya zamani ni hasara, tundu limezibwa. Mnunuzi amelipia upekee, na anayekuja kudaiwa upekee huo ni mjukuu.

Wapo wanaojibu kwamba kizazi hiki kina malighafi ambazo wazee hawakuziota, na hoja yao si ya kupuuzwa. Yakuti ya kutengenezwa haikwaruziki kirahisi. Ile plastiki iliyokuwa juu ya saa za zamani ilikwaruzwa hata na kifungo cha shati. Springi nyembamba za silikoni (ile malighafi ya chipu za kompyuta, si ule mpira laini), zilizoanza kuingia kwenye saa miaka ya 2000, hazishiki sumaku, na sumaku ni adui mkubwa wa saa katika dunia iliyojaa spika na vifuniko vya simu. Vipande vya silikoni pia vinaweza kufanya kazi bila mafuta, na nimeshasema mafuta ndiyo ugonjwa wenyewe. Seramiki haifubai. Yote kweli. Ila ugumu na kutengenezeka ni sifa mbili tofauti, na mara nyingi moja humfukuza mwenzake. Kioo cha plastiki kilichokwaruzwa unakisugua dakika tano kwa dawa ya kung'arishia kinarudi. Cha yakuti kikipasuka unatafuta kingine chenye kipimo hichohicho. Kasha la chuma likianguka hubonyea, la seramiki linaweza kuvunjika. Springi ya chuma iliyopinda, fundi mwenye mkono mwepesi huinyoosha kwa kibano. Ya silikoni haipindi, inakatika, na kuitengeneza nyingine kunahitaji kiwanda cha aina ile inayochonga chipu za kompyuta. Fundi mwenye mashine ndogo ya kukereza anaweza leo kumtengenezea mhimili mpya mtu aliyeleta saa ya mwaka 1920. Hakuna karakana ya mtu mmoja itakayochonga silikoni. Kwa hiyo malighafi mpya hurefusha umri wa saa kabla ya ajali ya kwanza, na hufupisha umri wake baada ya hapo. Anayenunua kwa ajili yake mwenyewe afurahie. Anayenunua kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa ana hesabu nyingine ya kupiga.

Hoja nzito zaidi iko upande wa kampuni, nayo ni kuhusu nani aruhusiwe kufungua. Kwa miaka mingi sasa chapa kubwa zimekuwa zikikataa kuuza vipuri kwa mafundi wa kujitegemea wasio kwenye mitandao yao. Wanasema saa ya leo inayozuia maji ina mipira na vipimo vinavyohitaji vifaa maalumu. Kwamba fundi mbovu huharibu saa na jina lililoandikwa usoni. Kwamba vipuri halali vikisambaa ovyo huishia ndani ya saa bandia. Nimeona saa nzuri zilizochubuliwa skrubu na mtu mwenye bisibisi isiyo saizi yake, kwa hiyo siwacheki. Mafundi wa Ulaya walipeleka malalamiko yao. Tume ya Ulaya iliyakataa mwaka 2014, na mwaka 2017 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya ikaiunga mkono Tume. Wengi huichukua hukumu hiyo kama uthibitisho kwamba mfumo uliofungwa ndio bora kwa saa. Haikuwa hivyo. Swali lililokuwa mezani lilikuwa la sheria ya ushindani: je, kampuni hizi zinavunja kanuni za soko? Swali la nani atakuwepo mwaka 2080 kubadilisha mpira wa kuzuia maji halikuulizwa, wala si kazi ya mahakama ya ushindani kuliuliza. Na historia ya sekta hii hairuhusu matumaini mengi. Ajira zilizopotea baada ya 1969 zilikuwa na majina ya kampuni nyuma yake, mamia ya majina, kila moja likiwa limeahidi ubora. Zilipokufa, saa zao ziliokolewa na wale mafundi wa kujitegemea ambao leo tunaambiwa hawana sifa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa, kwamba saa ya urithi ni uwekezaji. Ushahidi unaotajwa kila mara ni Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, iliyouzwa kwenye mnada New York mwezi Oktoba 2017 kwa dola milioni 17.75. Nashangaa wanaoutaja kama wameusoma mpaka mwisho. Saa ile ilikuwa zawadi kutoka kwa mkewe, Joanne Woodward, ikiwa imechongwa nyuma maneno ya kumsihi mumewe aendeshe gari kwa uangalifu. Newman aliivaa kwa miaka, kisha mwaka 1984 akampa kijana aliyekuwa na uhusiano na binti yake, kwa sababu kijana hakuwa na saa. Ni saa iliyovaliwa, ikakwaruzwa, ikatolewa bure. Mwekezaji hufanya kinyume chake: haivai, haiondoi vibandiko, anaitunza sandukuni na karatasi zake ili thamani isipungue. Huko sandukuni mafuta yanakauka kimyakimya. Bei za mitumba nazo, baada ya kupaa wakati wa korona, zilishuka kutoka kilele cha mwanzoni mwa 2022, na waliokuwa wamenunua kwa mkopo wakajua maana yake. Mtoto anayeachiwa saa ya namna hiyo ameachiwa bidhaa ya kuuza, na ataiuza. Kama lengo ni kuacha fedha, kuna njia zisizohitaji sevisi.

Kuna pia wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba kama ni kudumu tu, saa ya kidijitali ya Casio F-91W imeshamaliza mjadala. Imekuwa sokoni tangu 1989, ni nyepesi, ni sahihi kuliko saa nyingi za springi, na betri yake hukaa miaka kama saba. Sina jibu la kuwashinda, na sihitaji. Kwa mtu anayetaka kujua wakati maisha yake yote kwa gharama ndogo, hiyo ndiyo saa. Ninachowakumbusha ni kwamba saketi yake ikifa hakuna cha kutengeneza, na kwamba huo ulikuwa mpango tangu mwanzo. Hakuna aliyemdanganya mnunuzi. Ubaya uko kwenye kitu kilichovaa nguo za urithi huku roho yake ni ya simu. Mwaka 2015 Apple waliuza toleo la saa janja lenye kasha la dhahabu ya karati 18, bei ikianzia dola 10,000. Mwaka 2018 programu mpya haikukubali tena kuingia kwenye saa za toleo hilo. Dhahabu ingali dhahabu. Saa iliyokuwa ndani ilikufa kabla mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajajua kusoma wakati.

Usanifu nao una sehemu yake, na hapa wabunifu wanaweza kufanya mengi bila kungoja sheria. Jambo la kwanza ni dogo na la kuchosha: upana wa mahali mkanda unaposhika. Saa yenye nafasi ya milimita 18 au 20, na pini za kawaida, itapata mkanda popote, wakati wowote. Tangu saa za Royal Oak ya 1972 na Nautilus ya 1976, zote za mkono wa msanifu Gérald Genta, mkanda wa chuma uliozaliwa pamoja na kasha umekuwa fasheni, na ni mzuri sana machoni. Lakini kiungo chake kimoja kikikatika unamrudia mtengenezaji yuleyule. Jambo la pili ni ukubwa. Rolex Datejust ya 1945 ilikuwa milimita 36 na bado inakaa sawa kwenye mikono ya wanawake na wanaume. Zile za milimita 46 zilizovuma miaka ishirini iliyopita tayari zinaonekana kama suruali pana za enzi zile. Kitu kitakachovaliwa na watu watatu wenye miili tofauti hakina budi kuwa cha kiasi. Kuna pia unene wa chuma: kila mara kasha linapong'arishwa, kingo zake huliwa kidogo, na msanifu aliyebana kila sehemu ya milimita hamwachii fundi wa tatu chochote cha kung'arisha. Na uso wa saa uwe na rangi isiyo na siri. Wazee waliopaka namba kwa radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani walituachia urithi wasioukusudia: mng'ao ulishakufa kwenye saa nyingi, lakini radiamu nguvu yake hupungua kwa nusu tu katika miaka 1,600, na fundi anayekwangua uso wa saa ya miaka ya 1940 bila kinga anavuta vumbi la sumu.

Haya yote yakiwekwa sawa, bado anahitajika mtu. Mwezi Desemba 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa saa wa Uswisi na Ufaransa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ni heshima, na pia ni dalili. Kitu ambacho watu wanakifanya kila siku bila wasiwasi huwa hakiombewi orodha. Fundi saa hapatikani kwa kozi ya wiki mbili. Anahitaji miaka ya kujifunza, kisha anahitaji kula, na atakula tu kama kuna saa anazoruhusiwa kuzifungua. Kampuni inayomnyima vipuri leo inamfundisha mwanawe asome kitu kingine, halafu baada ya miaka thelathini itasema imelazimika kufanya kazi yote yenyewe kwa sababu mafundi hawapo.

Mtengenezaji anayemaanisha neno urithi ana njia ya kulithibitisha, na si ya gharama kubwa kuliko kampeni ya matangazo. Atangaze atauza vipuri kwa miaka mingapi baada ya saa ya mwisho kutoka kiwandani, na kwa nani. Achapishe orodha ya vipande na michoro yake, au aihifadhi mahali ambapo itafunguliwa siku kampuni inapokufa. Atumie mashine ya kawaida pale upekee usipoongeza kitu. Mnunuzi naye, kabla ya kuuliza ni mita ngapi chini ya maji, aulize ni nani anayeweza kuifungua zaidi ya aliyeiuza. Muuzaji akisitasita, jibu ameshapewa.

Serikali zimeanza kulielewa swali hili, lakini kwa vitu vingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maelekezo ya haki ya kutengenezewa bidhaa, ambayo nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 31 Julai 2026 kuyaingiza kwenye sheria zao. Orodha yake ina mashine za kufulia, majokofu, mashine za kuosha vyombo, vyombo vya kunyonya vumbi, simu na tableti. Saa za mkononi hazimo. Mwenye mashine ya kufulia, ambayo hakuna aliyewahi kumwambia ni ya mjukuu, atakuwa na haki ya kudai itengenezwe na vipuri vipatikane kwa bei ya kuridhisha. Mwenye saa ya vizazi atabaki na kijitabu cha dhamana, chenye picha ya baba na mwanawe kwenye jalada.